Inveta kwa gari la kulala: njia nne kwa msafiri wa Malindi

Anayegeuza Hiace, Land Cruiser au basi dogo la Rosa kuwa gari la kulala huingia duka la umeme hapa Malindi na sentensi moja: "Fundi, nipe inveta ya elfu mbili." Fundi anampa inveta ya wati 2000, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240 kama wa nyumbani. Hajaulizwa atachomeka nini, betri iko umbali gani, wala atakuwa analala wapi. Ndipo unakuta gari lina inveta kubwa inayolia na kuzima kila birika likiwashwa, na jingine lina mtambo wa pesa nyingi unaonyonya betri usiku kucha kwa ajili ya kuchaji simu mbili.

Njia zinazotumika sana ni nne. Ya kwanza ni kuishi kwa volti 12 za betri moja kwa moja, taa, feni, friji na pampu zote za volti 12, na inveta ndogo ya wati 300 ya kuwasha pale kompyuta inapohitaji. Ya pili ni inveta ya bei nafuu ya wimbi la ngazi, yaani umeme wake hupanda na kushuka kwa hatua, ile mafundi huiita modifaidi. Ya tatu ni inveta ya wimbi safi, laini kama la umeme wa nyumbani, pyua saini, ya wati 1000 hadi 2000, na chaja ya betri ikiwa kando. Ya nne ni inveta-chaja: sanduku moja linalotoa volti 240 kutoka kwenye betri, na ukichomeka gari kwenye soketi ya hoteli au kambi, linapitisha umeme huo hadi ndani huku likichaji betri.

Nitazipima kwa mambo matano: kifaa kigumu zaidi unachotaka kuwasha, kiasi inveta inachokula ikiwa haina kazi, ugumu wa kuifunga, inavyostahimili hewa yetu ya pwani, na gharama. Wati za kwenye boksi sikuziweka kuwa kipimo kwa sababu mara nyingi hazisemi kweli yote. Ile 2000 iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele yaweza kuwa nguvu ya kilele, ya muda mfupi tu mota inapoanza, na nguvu ya kudumu ikawa 1000, imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma. Zinazoandikwa kVA nazo zina lao: kVA 3 mara nyingi ni wati 2400.

Unataka kuwasha nini?

Anza na vifaa vya kupasha moto: birika, pasi, jiko la umeme. Hivi havijali umbo la wimbi. Modifaidi itachemsha maji ya chai sawa na pyua, na hapo ni haki yake isifiwe. Shida ya vifaa hivi ni ukubwa wa mzigo. Birika la wati 2000 kwenye mfumo wa volti 12 linavuta karibu ampea 190, ukihesabu na kinachopotea ndani ya inveta. Betri moja ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) haiwezi kutoa mkondo huo bila volti zake kuporomoka, na inveta ikiona volti zimeshuka inajizima. Betri moja ya lithiamu ya Ah 100 nayo huwa na kidhibiti cha ndani ambacho mara nyingi hukata kwenye ampea 100. Kwa hiyo mwenye gari analaumu inveta, anakwenda kununua kubwa zaidi, na birika bado halichemki. Inveta ni mdomo tu, tumbo ni betri.

Jiko la gesi la mtungi wa kilo 6 linalimaliza jambo hili kwa njia zote nne. Mimi hushauri kupika kwa gesi hata kwa mwenye pesa za inveta-chaja, mradi mtungi ufungwe imara na kuwe na tundu la hewa chini, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.

Njia zinaachana kwenye mota. Friji ndogo ya nyumbani inayokula wati 100 ikishatembea inaweza kudai mara tano ya hizo, au zaidi, wakati kompresa inaamka. Ikiwa kwenye modifaidi, kompresa hunguruma, hupata joto kupita kiasi na umri wake hupungua. Feni ya 240 huvuma, hasa yenye kirekebisha mwendo. Kwenye pyua mambo huenda kama nyumbani, ila hata pyua hazilingani: nyepesi zisizo na transfoma kubwa hubeba kilele kwa muda mfupi sana, na nzito zenye transfoma hukivumilia kwa sekunde kadhaa. Inveta-chaja nyingi zilizotengenezwa kwa magari na mashua ni za aina hiyo nzito, na hapo ndipo zinapozipita nyingine. Njia ya kwanza inaikwepa shida yote: friji ya volti 12 yenye kompresa yake hula wati 45 hivi ikiwa inazunguka na haihitaji inveta kabisa.

Vifaa vya elektroniki vimegawanyika. Chaja za simu na kompyuta kwa kawaida huvumilia modifaidi. Printa za leza, baadhi ya chaja za drili na mashine za kusaidia kupumua usingizini hazifai kuwekwa humo. Maikrowevu itawaka kwenye modifaidi lakini itaunguruma na kupasha kwa uvivu, na hata kwenye pyua ukumbuke kwamba iliyoandikwa wati 700 huvuta 1100 au zaidi, kwa sababu 700 ni zile zinazofika kwenye chakula. Anayetaka tu kusaga juisi ya embe kwa blenda ya wati 400, dakika mbili asubuhi, pyua ya 1000 inamtosha na kubaki.

Inakula kiasi gani ikiwa haina kazi?

Kipimo hiki ndicho kinachosahauliwa dukani. Inveta iliyowashwa bila kuchomekwa kitu bado inakula. Pyua ya wati 1000 hadi 2000 huweza kuchukua wati 10 hadi 20. Tuseme 15: kwa saa 24 ni Wh (wati-saa) 360, yaani Ah 30 za betri ya volti 12, zimekwenda bila kuwasha hata taa.

Linganisha na matumizi ya familia ya watu wanne iliyoegesha Watamu kwa siku moja. Friji ya volti 12 kwenye joto letu, Wh 450 hadi 500. Feni mbili za volti 12, wati 15 kila moja, kwa saa nane za usiku, 240. Simu nne, 60. Taa, 50. Kompyuta kwa saa tatu, karibu 200. Jumla ni kama Wh 1000. Ukiingiza friji ya nyumbani badala ya hiyo ya volti 12, inveta lazima ikeshe nayo, na zile 360 zinaongezwa juu yake. Paneli ya wati 200 iliyolazwa juu ya paa hukupa labda Wh 700 siku ya jua zuri. Nusu ya jasho lake limeishia kuiweka inveta macho.

Kwa kipimo hiki njia ya kwanza inaongoza kwa mbali, maana ile inveta ndogo huzimwa kompyuta ikishajaa. Modifaidi si mbaya hapa, nyingi hula kidogo zikiwa hazina mzigo. Pyua inategemea mtengenezaji, na baadhi zina hali ya kusinzia ambapo inaamka mara moja moja kuangalia kama kuna kilichochomekwa. Hali hiyo hufanya kazi vizuri kwa friji, lakini chaja ya simu inaweza kuwa ndogo mno kuiamsha. Inveta-chaja za magari hukaa katikati. Za kuepuka kwa gari ni zile hibridi za ukutani zinazouzwa kwa sola za nyumba, za kVA 3 na 5. Zinavutia kwa bei na zina kila kitu ndani, lakini nyingine hula wati 40 na zaidi zikiwa hazina kazi. Hiyo ni karibu Wh 1000 kwa siku, sawa na matumizi yote ya ile familia. Tena hazikutengenezwa kwa mtikisiko wa barabara.

Nyaya, fyuzi na waya wa ardhi

Hapa ndipo pesa zinapostahili kwenda, na ndipo watu wengi wanapobana.

Upande wa betri una volti chache na ampea nyingi, kwa hiyo waya huwa mnene na mfupi. Mfano: mzigo wa wati 2000 kwa volti 12, inveta ikiwa mita mbili kutoka kwenye betri, maana yake mita nne za waya kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba unapoteza zaidi ya volti 0.8 njiani, na waya unapata moto. Kwa milimita 70 za mraba unapoteza kama 0.2. Tofauti hiyo ya volti 0.6 ndiyo inayoamua kama inveta italia au itanyamaza. Kwa wati 1000, milimita 35 za mraba zinatosha kwa umbali mfupi. Weka inveta karibu na betri kadiri uwezavyo, kisha urefu wote uwe upande wa 240, ambako waya mwembamba unatosha.

Njia ya kwanza haina mzigo huu. Inveta ya wati 300 inavuta ampea 28 tu. Hata hivyo usiichomeke kwenye tundu la kuwashia sigara: fyuzi ya tundu hilo kwa kawaida ni ampea 10 hadi 15, kwa hiyo mwisho wake ni wati 120 hadi 180. Ipe waya wake kutoka kwenye betri.

Fyuzi huwekwa kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20 hivi. Kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichubuka kwenye chuma cha bodi kabla haujafika kwenye fyuzi, hakuna kitakachouzima moto. Kwa wati 1000 za volti 12 ampea 125 ni kawaida, kwa 2000 ampea 250, na waya uwe wa kuzibeba. Kwa betri za lithiamu tafuta fyuzi ya daraja T, kwa sababu betri hizo zikigusana nyaya hutoa maelfu ya ampea, na fyuzi dhaifu inaweza kuyeyuka huku umeme ukiendelea kuruka kama cheche ndani yake.

Fundi wa nyumba aliyezoea kuta za matumbawe au matofali huja na waya wa shaba mgumu wa uzi mmoja. Mkatalie kwa upole. Barabara za ndani ya Tsavo Mashariki, ukishapita lango la Sala, zina vipande vya kutikisa, na waya mgumu hukatika ndani bila kuonekana. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi, hata upande wa 240, na kila unapopita kwenye tundu la chuma uvishwe mpira. Vichwa vya nyaya vibanwe kwa mashine ya kubania, siyo nyundo. Baada ya safari ya kwanza mbaya, kaza nati zote upya.

Njia ya tatu na ya nne zinatofautiana zaidi kwenye usalama wa 240. Inveta-chaja nzuri ina swichi ya ndani inayobadilisha kati ya betri na umeme wa nje, na inapotegemea betri huunganisha nyutro (waya wa kurudishia umeme) na waya wa ardhi, ukichomeka nje huuachia muungano huo. Kwa pyua iliyo peke yake kazi hiyo ni yako: weka swichi ya kuchagua chanzo, isiyoweza kamwe kuacha umeme wa nje ukutane na wa inveta, la sivyo inveta itaungua mara moja. Weka RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, na fundi ahakikishe inakata kweli, maana inveta nyingi hutoka kiwandani nyutro yake ikiwa haijaunganishwa na ardhi, na RCD ikikosa muungano huo inakuwa pambo. Waya wa ardhi wa inveta ufungwe kwenye bodi ya gari. Kwa modifaidi kuwa mwangalifu zaidi: nyingi haziruhusu nyutro kuunganishwa na ardhi hata kidogo, na ukilazimisha zinaharibika. Kwa hiyo usiisambaze modifaidi kwenye soketi za gari zima. Chomeka kifaa kimoja kwenye soketi yake yenyewe.

Wenye Rosa na mabasi mengine ya dizeli, magari yenu mengi ni ya volti 24. Hilo ni neema: wati 2000 zinavuta nusu ya ampea ambazo zingevuta kwa volti 12, na waya unapungua unene. Nunua inveta ya 24. Taa na friji za 12 zilishwe kwa konveta ya kushusha kutoka 24, usichukue volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili, maana moja itachoka mapema na kumvuta mwenzake.

Kwa njia zote nne, betri ya kuwashia injini iachwe. Weka betri ya pili, na altaneta iichaji kupitia chaja ya betri kwa betri.

Joto, vumbi na chumvi

Inveta nyingi hupewa namba zake kwa joto la nyuzi 25. Wakati wa kaskazi, gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 ndani, na chini ya kiti ambako watu hupenda kuificha ni zaidi. Uwezo unashuka, feni yake inakesha, kisha inajizima. Ifunge wima kwenye ukuta wa gari, iachiwe nafasi pande zote, na isikae sanduku moja na betri ya asidi ya kumwagia maji, kwa sababu betri hiyo hutoa gesi ya haidrojeni na inveta haikosi cheche.

Anayelala ufukweni Mambrui au kupita mara kwa mara kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni atanunua nyaya za shaba iliyopakwa bati na kupaka grisi kwenye vichwa vya betri. Kwa kipimo hiki njia ya kwanza ina kidogo cha kuharibika. Modifaidi huumia mapema, kasha lake jepesi huwa wazi na bodi ya ndani mara nyingi haina rangi ya kinga, lakini kuibadilisha hakuumizi mfuko. Pyua nyepesi zinatofautiana, uliza kama bodi imepakwa. Inveta-chaja za daraja la mashua ndizo zilizofikiriwa kwa hewa kama yetu. Pamoja na hayo, ikiharibika moja ndani ya sanduku hilo umepoteza inveta na chaja kwa pamoja, na kitu hicho hakitengenezwi kila mtaa.

Gharama

Modifaidi ni nafuu kuliko pyua ya wati zile zile, na inveta-chaja huzipita zote. Lakini bei ya inveta ni sehemu tu. Njia ya tatu na ya nne zinadai betri kubwa, fyuzi nzito na shaba nene, na shaba hainunuliki kwa macho makavu. Njia ya kwanza huwa na bei ya kushangaza mahali pamoja: friji ya volti 12 ni ghali kuliko friji ndogo ya nyumbani. Unairudisha kwa betri ndogo zaidi na paneli chache.

Popote unaponunua, beba kifaa chako kigumu zaidi hadi dukani kijaribiwe mbele yako kwa betri ya kweli, siyo kwa taa ya balbu.

Kwa hali yako

Wikendi za Watamu, Gede na Marafa, watu wawili hadi wanne, kupika kwa gesi: njia ya kwanza. Betri ya lithiamu ya Ah 100 na paneli ya wati 200 zitakubeba siku mbili bila wasiwasi.

Unafanya kazi ndani ya gari, kompyuta mbili, blenda, labda mashine ya kupumua ya mzee anayesafiri nawe: pyua ya wati 1000, friji ikibaki volti 12 ili inveta izimwe kazi ikiisha. Mashine ya mzee ikiwa ina waya wa volti 12 wa mtengenezaji, utumie huo usiku.

Unahitaji maikrowevu au friji ya 240 na unalala porini zaidi ya kambini: pyua ya wati 2000 ya transfoma nzito, betri zisizopungua Ah 200 za lithiamu, na volti 24 kama gari linaruhusu.

Basi la kukodisha kwa wageni, linalolala leo kwenye kiwanja cha hoteli na kesho Tsavo: inveta-chaja. Itakuchajia usiku bila mtu kugusa swichi. Iwekee kikomo cha ampea za kuingia, 5 au 6, ili usiangushe soketi ya mwenyeji inayolisha na vyumba vingine.

Bajeti ni ndogo na unataka taa, simu na feni tu: usinunue inveta yoyote kwa sasa. Nunua betri, fyuzi na soketi za USB za volti 12.

Na kama tayari unayo modifaidi inayofanya kazi, usiitupe. Iongezee fyuzi na waya mnene, itumie kwa pasi ndogo na chaja za kompyuta, na friji uihamishe kwanza.